Kodi ya Chatu Wako

Columbus, Ohio
Januari 2026

Ndugu yangu Baba Zuhura,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi hii. Sisi wazima, na wanyama wazima. Picha za vichatu niliziona, mashaallah.

Umeniuliza kama kweli unadaiwa kodi kwa vichatu ulivyouza kwenye maonyesho ya Houston. Unadaiwa. Usimsikilize anayekwambia eti usipoletewa fomu ya 1099-K, ile ambayo mitandao ya malipo huripoti ulichopokea, basi umesalimika. Kwa mwaka 2025 fomu hiyo hutumwa mauzo yakizidi dola 20,000 na miamala ikizidi 200, lakini kodi haingoji ufike huko. Mauzo yako yanaingia Schedule C, fomu ya mapato ya biashara, na faida ikifika dola 400 unajaza pia Schedule SE, ile ya kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3. Na asikujazie mtu Schedule F ya wakulima. Wanaozalisha wanyama wa kufugwa nyumbani wanapelekwa Schedule C, na kanuni ya kuuza mifugo ya kuzalisha inawatoa reptilia waziwazi, pamoja na ndege, samaki na vyura.

Ila kinachonitia wasiwasi juu yako ni kitu kingine: IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, watakuona mfanyabiashara au mtu anayejifurahisha? Wakisema unajifurahisha tu, mapato yote unatozwa, na gharama hukatiwi kwenye mapato hayo hata senti. Panya wa barafu, umeme, themostati, meza ya maonyesho, vyote vinakuwa juu yako. Ukipata faida miaka mitatu kati ya mitano, wao ndio wenye kazi ya kuthibitisha kwamba hufanyi biashara. Kabla ya hapo, kinachokutetea ni jinsi unavyoendesha mambo yako. Kwa hiyo fungua akaunti ya benki ya chatu peke yao, hela ya panya isichanganyike na ya ada ya watoto. Halafu zile kadi ulizobandika kwenye makasha, zenye tarehe ya kula, uzito na kujivua gamba, ziongezee mistari miwili: alinunuliwa lini kwa bei gani, aliuzwa lini kwa bei gani. Kadi ya namna hiyo inakusemea vizuri kuliko maelezo ya mdomo.

Sasa ile habari ya kubadilishana. Najua ulimpa jamaa madume mawili akakupa jike la piebald, lile lenye mabaka meupe, mkashikana mikono, hakuna hela iliyopita. Kwa IRS hayo ni mauzo. Andika thamani ya jike siku ile kama mapato. Wengi wetu tunalisahau hili kwa sababu halina risiti, basi andikishaneni hata karatasi moja.

Jike huyo sasa ni mali ya biashara, na thamani uliyoiandika ndiyo gharama yake; utaikata kidogo kidogo kama uchakavu, au mara moja ukikidhi masharti ya kifungu cha 179 cha sheria ya kodi. Lakini kichatu kilichoanguliwa kwako kikifa, usiandike hasara ya dola 500 eti ndiyo bei ambayo ungekiuza. Chakula chake na umeme wake umeshavikata. Hakuna kingine cha kudai.

Chumba cha makasha nacho unakikata kama gharama, dola 5 kwa kila futi ya mraba hadi futi 300, mradi kitumike kwa kazi hiyo tu. Mgeni akilala humo umeharibu, ingawa sijui mgeni gani atakubali! Safari za maonyesho kwa gari lako ni senti 70 kwa maili mwaka 2025, nawe andika maili siku hiyohiyo.

Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, una bahati kunizidi. Kodi ya mauzo ipo lakini, asilimia 6.25 ya jimbo, na miji huongeza hadi 2. Kibali chake hakilipiwi, kichukue kabla ya kukodi meza nyingine.

Kwa mwaka huu, ukiona utadaiwa dola 1,000 au zaidi, lipa kwa awamu: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari ya mwakani. Vichatu vingi huuzwa baada ya kiangazi, kwa hiyo hela ikiingia tenga fungu la serikali kwanza, ndipo ununue makasha mapya.

Nitumie orodha ya mauzo yako niipitie kabla hujaenda kwa mhasibu. Msalimie shemeji, na Zuhura mwambie kanzu yake ya Idi naituma wiki ijayo.

Wako,
Baba Idrisa