Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: baiskeli zetu peke yake haziwezi kubeba utafiti

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

YAH: FUNGU LA UTAFITI WA SARATANI YA KOO LA CHAKULA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa Kibosho. Alianza kwa kusema ugali unamkwama. Akahamia kwenye mtori, mtori nao ukamshinda, akabaki na uji mwepesi, mwishowe hata maji yakawa yanarudi. Zahanati alikokwenda mwanzo walimpa dawa za vidonda vya tumbo, kisha wakampa tena, kwa kuwa kipimo cha kuingiza kamera kooni hakikuwepo. Saratani ilipoonekana ilikuwa imeshaziba njia. Simlaumu aliyempa dawa. Alitoa alichokuwa nacho.

Ndiyo maana mimi na wenzangu, wengi wetu tukiwa tumefiwa na mzazi kwa ugonjwa huohuo, tunapanda baiskeli kutoka Moshi hadi Dar es Salaam kuchangisha fedha za utafiti. Jua la Same, mikonge ya Korogwe, kisha Segera na Chalinze, malori yakitupita ubavuni. Kila tunaposimama kunywa maji hakosi mtu wa kufungua fundo la khanga, akatoa noti na kutaja jina la marehemu wake.

Tunaulizwa sana: kwa nini utafiti, si dawa au mashuka ya wodini? Kwa sababu ugonjwa huu umeshika ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia na Kenya, ukapita kwetu hadi Malawi na Afrika Kusini, na bado haijajulikana vya kutosha kwa nini unatuandama hivi. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi joto 65, huenda vinasababisha saratani hii. Mwaka mmoja kabla yake zilikuwa zimechapishwa takwimu za chai inavyonyweka Kilimanjaro: kwa wastani watu walianza kuinywa ikiwa na nyuzi 70 na ushee, na ya maziwa ilinywewa ikiwa ya moto kuliko ya rangi. Baba naye alikuwa hivyo. Chai iliyopoa aliirudisha jikoni. Lakini chai haielezi yote. Kuna tumbaku, kuna pombe, kuna moshi wa kuni, na watafiti wanaangalia pia floraidi iliyomo kwenye maji ya kaskazini. Kipi kina uzito zaidi, na kwa nani? Hapo panahitajika wagonjwa wahojiwe, sampuli zitunzwe, na daftari la saratani, linaloorodhesha wagonjwa wanaogunduliwa, lijazwe mwaka hadi mwaka bila kukatika.

Kazi imeanza. Hospitali ya KCMC ya Moshi imeshiriki utafiti wa ESCCAPE, unaotafuta visababishi vya saratani hii, pamoja na wenzetu wa Kenya na Malawi. Lakini unaratibiwa na IARC kutoka Lyon, Ufaransa, na fedha zake zimetoka nje. Mfadhili akibadili vipaumbele, maswali yanabaki kwetu.

Wapo wanaotutolea mfano wa Marekani. Billy Starr, aliyefiwa na mama yake kwa saratani mwaka 1974, alianzisha msafara wa Pan-Mass Challenge mwaka 1980 akiwa na waendesha baiskeli 36. Leo umeshakusanya zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya taasisi ya saratani ya Dana-Farber, Boston. Nauheshimu sana mfano huo. Ila huko serikali nayo hutenga mabilioni ya dola kila mwaka kwa Taasisi yao ya Taifa ya Saratani, na michango ya wananchi inaongezwa juu yake. Sisi tunaongeza juu ya nini?

Ombi langu ni moja. Bajeti ijayo ya Wizara iwe na kifungu chenye jina, cha utafiti wa saratani ya koo la chakula, kipitie NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kianze hata kwa kulinganisha shilingi kwa shilingi na walichochanga wananchi. Mwaka 2006, Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo. Sisi tunaomba mstari mmoja tu kwenye kitabu cha bajeti, ambao mbunge yeyote anaweza kusimama akauliza umetumikaje.

Kituo chetu cha mwisho ni Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Njoo utupokee, Mheshimiwa, uje na jibu. Kama ni hapana, tupe na sababu zake, tukae tuzungumze.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtoto wa mkulima wa kahawa, Kibosho