Usianzie kwenye paa

Morogoro, Jumapili usiku

Mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi, na pole na safari. Uliniuliza kama katika vijitabu vya zamani vya Uingereza yuko shujaa anayefaa kuchorwa upya. Wiki nzima nimekuwa nikimrudia mmoja tu: Spring-heeled Jack, yaani Jack mwenye springi visiginoni.

Huyu hakuanza akiwa shujaa. Alianza kama hofu ya kweli ya watu wa London. Januari 1838 Meya, Sir John Cowan, alitangaza hadharani barua ya mtu asiyejitaja jina. Ilidai kwamba bwana mmoja wa tabaka la juu amewekewa dau na wenzake azunguke vijiji vya kandokando ya jiji kwa sura ya mzuka, dubu na shetani.

Mwezi uliofuata, usiku, kengele ya geti ililia nyumbani kwa msichana Jane Alsop, huko Old Ford, mashariki mwa London. Mtu aliyesimama gizani akasema yeye ni polisi, aletewe taa upesi, Jack amekamatwa kichochoroni. Jane akamkimbilia na mshumaa. Yule mtu akavua joho, akamtemea moto wa buluu na mweupe, akamrarua gauni kwa makucha ambayo Jane aliona kama ya chuma. Dada yake ndiye aliyemnasua. Jane aliyasema hayo yote mbele ya mahakimu, na hakuna aliyetiwa hatiani.

Kisha wachapishaji wakamchukua Jack. Katika vijitabu vya peni moja, vilivyopendwa na vijana wafanyakazi, akabadilika pole pole hadi akawa kijana wa ukoo mkubwa aliyedhulumiwa urithi, anayewaandama madhalimu kwa viatu vyake vya springi. Alfred Burrage alipomwandika mwaka 1904, ilikuwa miaka 35 kabla ya Batman, yule shujaa wa katuni mwenye joho. Hadithi hizo nazipenda, sikufichi. Lakini Jane kapotelea wapi? Aliyetemewa moto kafutwa, aliyemtemea kasafishwa jina. Linaniuma hilo, Zuhura.

Basi ukishika kalamu, usianzie kwenye paa, Jack akiruka. Anzia uani: msichana anakimbia kuelekea getini, kiganja kimeukinga mshumaa usizimwe na upepo, na sisi bado hatujaiona sura ya anayemngoja.

Nitumie mchoro wa kwanza hata kama haujakamilika.

Rafiki yako,
Asha