Maelekezo ya biskuti yasiruke saa za kusubiri

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nieleze jambo linaloniudhi kila nikisoma kurasa za mapishi, zikiwamo za gazeti lako ninazozipenda. Biskuti za sukari, zile za kukata kwa vibati na kupamba kwa aisingi, ule urojo wa sukari unaokauka juu yake, huelekezwa kana kwamba ni kazi ya saa moja tu. Anayeumia ni yule anayejaribu kwa mara ya kwanza.

Mimi niliumia mtoto wangu akiwa pembeni. Alikuwa anatimiza miaka sita na alitaka nyota. Nilikanda, nikasukuma, tukakata nyota 24, yeye mwenyewe akizipanga kwenye treya kwa ncha za vidole, moja moja. Dakika kumi baadaye nikafungua oveni. Hapakuwa na nyota hata moja. Zote zimetandaa, bapa, nyingine zimegandana. Akaniuliza, "Mama, pembe zake zimekwenda wapi?" Nilikosa la kumjibu, na maelekezo nilikuwa nimeyafuata neno kwa neno.

Jibu nililipata baada ya kuharibu siagi nyingi. Donge likishakandwa, siagi yake huwa laini. Ukiliingiza hivyo hivyo kwenye oveni ya nyuzi 180, siagi inayeyuka na kutandaa kabla unga haujaiva ukashika umbo. Siku hizi nalisukuma lingali laini katikati ya karatasi mbili za kuokea, unene wa milimita 6, halafu nalilaza kwenye friji saa nzima ndipo nikate. Nikishakata, treya inarudi friji tena dakika 15. Pembe zinabaki pembe.

Kuna na hili la vikombe. Kikombe cha unga uliotiwa taratibu kwa kijiko ni kama gramu 120. Ukichota kwa kikombe chenyewe na kushindilia, unafika 150. Kwa vikombe vitatu umeshazidisha gramu 90, na biskuti inakuwa kavu, ngumu. Mimi hupima siagi gramu 225, sukari 200, unga 380, yai moja, vanila na chumvi kidogo. Tuandikieni gramu, tafadhali.

Aisingi ndiyo inayodai subira kuliko yote. Biskuti lazima ipoe kabisa, la sivyo aisingi inalainika na kuteleza. Nzito nachorea ukingo, nyepesi najazia ndani. Kujua kama ya kujazia imefikia, napitisha ncha ya kisu juu yake na kuhesabu: mfereji ukijifunika wenyewe kati ya sekunde 10 na 15, iko tayari. Ukijifunika mapema zaidi, ongeza sukari ya aisingi, maana itamwagika nje ya ukingo. Na nyekundu haiwekwi kando ya nyeupe iliyo mbichi. Niliwahi kufanya hivyo usiku, na asubuhi nikakuta rangi ya waridi imetambaa hadi katikati ya kila biskuti. Acha nyeupe ikauke kwanza.

La mwisho ni la afya, na sijui kwa nini huachwa. Aisingi hii hutengenezwa kwa ute wa yai, nao hauokwi. Ute mbichi unaweza kubeba vijidudu vya salmonela, na walaji wakubwa wa biskuti hizi ni watoto. Waambieni wasomaji watumie ute uliopitishwa kwenye joto la kuua vijidudu, au ute wa yai uliokaushwa ukawa unga kwa kazi hiyo.

Mkichapisha biskuti tena, nawaomba muweke juu kabisa, kabla ya orodha ya mahitaji: kukanda na kusukuma dakika 30, friji saa 1 na dakika 15, kuoka dakika 10, kupoa saa 1, aisingi kukauka usiku kucha. Mwenye sherehe Jumamosi ajue kuwa anaanza Alhamisi.

Msomaji wako wa kila wiki