Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Tupeni majina ya askari wetu

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili ofisi yako. Nakuandikia hadharani kwa sababu kwingine kote nilikobisha hodi niliambiwa nisubiri, na Desemba 2025, mji wa Uvira wa mashariki mwa Kongo ulipotekwa, subira ya nyumba yetu ilifika mwisho.

Mama yangu ni mtu wa Ujiji na marehemu baba alikuwa mtu wa Uvira. Mimi naishi Buguruni, nauza vitenge Kariakoo. Mdogo wangu wa kiume ni askari wa jeshi la Kongo, FARDC, na mara ya mwisho tuliposikia sauti yake alikuwa Goma, mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 wakiwa wanaingia mjini. Mtoto wa dada yangu naye alikuwa askari wa jeshi hilohilo. Alisalimisha silaha, akapelekwa kambi ya Rumangabo pamoja na wengine wengi, na tuliyoyasikia baadaye ni kwamba amevishwa sare ya upande wa pili. Kama habari hizo ni za kweli, basi mtu na mjomba wake wanaweza kukutana msituni mmoja akiwa ameelekezewa bunduki na mwenzake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyechagua jambo hilo.

Mheshimiwa, tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa nchi za Jumuiya yako na wale wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikutana Ikulu, hapahapa Dar es Salaam, chini ya uenyekiti wa Rais William Ruto na Rais Emmerson Mnangagwa. Tamko lao lilitaka mapigano yasimame mara moja bila masharti, likawapa wakuu wa majeshi siku 5 wakutane na kuelekeza namna ya kuyasimamisha, likataka uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe, na likataja kurejeshwa kwa miili ya waliofariki na kuondolewa kwa majeruhi. Nililisoma tamko lile neno kwa neno na kumfasiria mama, na nilipofika hapo pa miili na majeruhi aliniomba nirudie. Siku 5 zikapita. Februari ile ile Bukavu ikatekwa. Desemba Rais Tshisekedi wa Kongo na Rais Kagame wa Rwanda wakatia saini makubaliano ya amani Washington, na kabla wino haujakauka Uvira nayo ikaanguka, watu kwa maelfu wakakimbilia Burundi.

Sina elimu ya kumweleza mtu kama wewe chanzo cha vita hii. Wapo wanaosema ni madini, wapo wanaosema ni Rwanda, wapo wanaosema ni serikali ya Kinshasa kushindwa kutimiza makubaliano na waasi ya tarehe 23 Machi 2009, ambayo M23 walijiita kwa tarehe yake, na mimi nadhani yote hayo yamo, kila moja kwa kiasi chake. Ninachokijua kwa hakika ni habari ya askari wa chini. Tangu vita vya 1996 ameona waasi wakiingizwa jeshini kwa mkataba, kisha wakitoka tena kuwa waasi, na kila mara yeye ndiye anayebadilishiwa kamanda na sare bila kuulizwa. Mdogo wangu alikuwa akilalamika kwamba mshahara unachelewa na kwamba chakula wanajitafutia wenyewe, na pesa ya dawa tulikuwa tunamtumia sisi kwa simu kutoka huku. Akikimbia, sheria ya kwao inamngoja: Machi 2024 Kinshasa iliruhusu tena hukumu ya kifo itekelezwe baada ya kusitishwa tangu 2003, na Julai mwaka huohuo mahakama ya kijeshi iliwahukumu askari 25 kifo kwa kukimbia adui. Asipokimbia, anauawa au anatekwa. Akitekwa, anavishwa sare nyingine na kurudishwa vitani dhidi ya wenzake. Hata hao vijana wa M23 wana mama zao, Mheshimiwa, na sidhani kama mama zao wanaambiwa zaidi ya tunavyoambiwa sisi.

Hapa Dar es Salaam tunajua jinsi askari anavyostahili kutendewa. Desemba 2017 wanajeshi wa Tanzania waliokuwa wakilinda amani waliposhambuliwa na kuuawa na waasi wa ADF huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, miili ililetwa hapa, ikaagwa kwa heshima za kijeshi, na familia zikawazika watu wao. Uchungu ulikuwa mkubwa, lakini familia hizo zilikuwa na makaburi. Askari wa Kongo naye amekufa vitani kwenye ardhi hiyohiyo, na nchi yake ni mwanachama kamili wa Jumuiya tangu Julai 2022, lakini nyumbani kwake hakuna anayejua kama amezikwa.

Nyumbani kwetu jambo hili limeleta mgawanyiko. Wajomba wanataka tukae matanga yaishe, mama anakataa, anasema hamlilii mtu ambaye huenda yu hai na ana njaa. Mke wa mdogo wangu hajui kama ni mjane, na upande wa kwao wameanza kumuuliza ataendelea kukaa hivyo mpaka lini. Halafu wapo watu wanaotupigia simu wakidai wanamshikilia kijana wetu na wanataka pesa ili aachiwe. Tumewahi kutuma. Mtaji wa vitenge umekatika kwa sababu hiyo, na sijui hata nilimlipia nani. Orodha rasmi ingekuwepo, matapeli hao wasingekuwa na la kutuuzia.

Wala usiniambie kwamba haiwezekani. Aprili 2025 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilianza kuwasindikiza mamia ya askari na polisi wa Kongo walionyang'anywa silaha, kutoka Goma hadi Kinshasa, na pande zote mbili ziliridhia. Septemba 2025 pande hizo zilitia saini huko Doha utaratibu wa kubadilishana wafungwa, Kamati hiyohiyo ikiwa mpatanishi. Huwezi kubadilishana wafungwa bila kuwa na majina yao. Kwa hiyo majina yapo, yameandikwa mahali fulani, na mtu fulani anaamua kwamba mama yangu asiyaone.

Ombi langu ni hilo moja. Itake Kinshasa itoe orodha ya askari wake waliokufa na wasiojulikana walipo. Watake M23 watoe orodha ya waliowateka, waliowaandikisha na waliowazika, pamoja na ya askari wao wenyewe. Kisha Jumuiya iiweke orodha hiyo mahali ambapo mtu wa Kigoma, wa Bujumbura au wa Dar es Salaam anaweza kuuliza na kujibiwa kwa Kiswahili. Kama usitishaji wa mapigano umewashinda wakuu wa nchi, hili la majina haliwezi kuwashinda. Tupeni majina, Mheshimiwa. Hata kama la mdogo wangu liko kwenye orodha ya waliokufa, tupeni.

Wako mtiifu,
Muuza vitenge, Buguruni, Dar es Salaam