Mimi si talaka ya mwaka huu

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili tangu wanangu wakiwa shule ya msingi, na sijawahi kuwaandikia hata mstari, hata mlipochapisha nyota zilezile wiki mbili mfululizo. Lakini ile taarifa yenu kuhusu ndoa na talaka, ile yenye grafu ya nguzo nyekundu na picha ya pete iliyokatwa katikati, imenishinda kuinyamazia.

Kichwa cha habari kilisema nusu ya ndoa zinavunjika. Nusu ya zipi? Nimeirudia taarifa mara tatu ndipo nikaona alichofanya mwandishi wenu: amechukua talaka za mwaka mmoja, akazigawanya kwa ndoa zilizofungwa mwaka huohuo. Sasa wanaotalikiana mwaka huu ndio waliooana mwaka huu? Wametoka kwenye ndoa za miaka mitano, kumi na tano, arobaini. Vijana wakichelewa kuoana, au wakiamua kuishi pamoja bila cheti, ndoa mpya zinapungua na asilimia yenu inapanda, hata kama hakuna mtu mmoja zaidi aliyeachika. Ni kama kuhesabu mazishi ya mwaka, ukayagawanya kwa watoto waliozaliwa mwaka huo, kisha ukatangaza kwamba nusu ya binadamu watakufa na nusu watasalimika.

Hilo ningelisamehe, hesabu humshinda mtu. Kilichonikera ni ile nguzo ya mwisho kulia, ndefu kuliko zote, ambayo mtaalamu wenu wa mahusiano aliielezea kwa maneno matatu: "vijana hawana uvumilivu." Mhariri, ndani ya nguzo hiyo nimo mimi. Nina miaka sitini na moja. Mume wangu aliondoka nyumbani miaka kumi na tisa iliyopita, asubuhi, na sanduku moja, akisema anakwenda kutengeneza gari. Gari lilibaki limeegeshwa palepale. Nililea watoto watatu, nikalipa kodi ya nyumba, nikauguza mama mkwe wangu mpaka akafa, mama yake yeye, na miaka yote hiyo kwenye takwimu zenu nilikuwa ndoa iliyosimama imara. Nilikuwa mafanikio! Nisingehangaika na talaka hadi leo kama benki haikunidai sahihi ya mume ili nikopeshwe fedha za kuezeka upya paa ambalo yeye hajawahi kulala chini yake. Ndipo nikaenda mahakamani. Karani pale dirishani, kijana mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, mmejaribu kukaa chini mkazungumza?" Nikamuuliza nikae chini na nani. Akasema hicho ni kipengele cha fomu, lazima akijaze. Akaandika "Wamejaribu." Miezi kadhaa baadaye hati ikatoka, na siku hiyo, kwa mujibu wa gazeti lenu, ndoa yangu ikavunjika kwa kukosa uvumilivu.

Nawaambia haya kwa sababu mambo kama yangu yanajulikana na yameelezwa zamani, ila mwandishi wenu hakuuliza. Uingereza na Wales sheria mpya ya talaka ilianza kutumika mwaka 1971, ikaruhusu watu waachane baada ya kutengana miaka miwili wakikubaliana, au mitano mmoja akikataa. Mwaka 1970 walikuwa na talaka takriban 58,000. Mwaka 1972 zikafika takriban 119,000. Je, mapenzi yalikufa kwa wingi kiasi hicho ndani ya miaka miwili? Wengi walikuwa wameshaachana zamani wakisubiri mlango ufunguliwe. Na mlango wenyewe haukuwa mmoja kwa wote: kwa sheria yao ya mwaka 1857 mume alitosheka kuthibitisha uzinzi wa mke, lakini mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi na jambo jingine juu yake, ukatili kwa mfano, na hali hiyo ikadumu mpaka 1923. Chile nao hawakuwa na sheria ya talaka mpaka mwaka 2004. Kabla ya hapo wenzi waliochokana walikwenda mbele ya hakimu kudai kwamba siku ya kufunga ndoa walitaja anwani isiyo sahihi, hivyo msajili hakuwa na mamlaka na ndoa haikuwahi kuwapo. Mkusanya takwimu wa siku hizo angewasifu watu wa Chile kwa uvumilivu. Mimi ningewasifu kwa ubunifu.

Halafu mtaalamu wenu akaongeza kwamba wanawake wakipata mshahara, ndoa zinayumba. Mshahara wangu haukumfukuza mtu. Ulilipa kodi alipoacha kuilipa. Ni kweli, na wanasosholojia wamelisema kwa heshima kuliko yeye, kwamba mwanamke mwenye kipato anaweza kuondoka pale ambapo mama yake alilazimika kubaki. Lakini kuweza kuondoka ni kitu kimoja, na kilichomfanya atake kuondoka ni kingine. Arlie Hochschild, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1989 kuhusu wanawake wanaotoka kazini na kuanza zamu ya pili nyumbani, kupika, kufua, kuogesha watoto, wakati mume amekaa. Hiyo zamu ya pili haikupata hata sentensi moja kwenye taarifa yenu. Anthony Giddens, mwanasosholojia wa Uingereza, naye mwaka 1992 alieleza kwamba watu wa sasa hubaki kwenye uhusiano maadamu unawaridhisha wote wawili. Simkubali sana, naona anawazungumzia watu wenye nafasi ya kujiuliza kila jioni kama wameridhika, lakini angalau alijaribu kufikiri. Na jambo rahisi kuliko yote halikutajwa: watu wanaishi muda mrefu zaidi. Zamani kifo kilizimaliza ndoa nyingi kabla wahusika hawajapata muda wa kuchokana.

Wala si kweli kwamba talaka zinapanda tu kila mahali. Marekani kiwango chao kilifika talaka 5.3 kwa kila watu 1,000 mwaka 1981, na sasa kimeshuka chini ya 3. Waliokwenda kinyume ni wazee: kati ya 1990 na 2010 kiwango cha talaka kwa wenye miaka 50 na zaidi kiliongezeka karibu maradufu. Vijana wasio na uvumilivu, sivyo?

Nikiwa bado na kalamu mkononi, niseme na hili la fomu. Kila ofisi niingiayo inataka "hali ya ndoa", hata nilipokwenda kupimwa macho. Kuna kisanduku cha aliyeolewa, cha asiyeolewa, cha mjane, na cha mtalikiwa. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa naweka alama kwa aliyeolewa, kisha mstari unaofuata unauliza simu ya mume. Na pale panapoandikwa "mkuu wa kaya", mhudumu mmoja aliniambia niandike jina la mume "kwa utaratibu tu". Watoto wangu nao shuleni waliandikiwa "familia iliyovunjika". Sisi tulikula meza moja kila usiku. Wapangaji wa ghorofani, mtu na mkewe wa ndoa, walikuwa wakirushiana vyombo hadi saa saba, na hao walikuwa familia kamili.

Napendekeza haya. Kila mnapochapa asilimia ya talaka, chini yake, kwa herufi zilezile kubwa nyekundu, mwandike mmegawanya nini kwa nini. Pili, grafu ijayo iwe na nguzo mbili kwa kila mwaka: moja ya hati zilizotolewa, nyingine ya tarehe ambayo mmoja wao alitoka na sanduku. Mkikosa takwimu hizo, mtumeni mwandishi akae wiki moja kwenye benchi la mahakama awaulize watu waliopanga foleni, na abebe mto, benchi ni gumu. Tatu, mtaalamu wenu atafutiwe safu ya upishi.

Na ile picha ya pete itoeni. Yangu haikukatwa. Niliiuza nikalipa ada ya kufungua shauri, na chenji ikabaki.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Nguzo ya Mwisho Kulia