Msifute mipangilio ya wanafunzi wa kompyuta

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wanaosimamia vituo vya mafunzo ya kompyuta huku kwetu magharibi mwa Kenya. Ombi langu ni dogo: mwanafunzi akishaandika mipangilio yake mwenyewe kwenye programu anayofanyia kazi, msiifute.

Mimi ni fundi wa programu, naishi Nyamasaria, Kisumu. Mchana nashughulikia programu za mizani za vyama vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na jioni nafundisha vijana lugha ya programu iitwayo C katika chumba cha kompyuta cha kituo kimoja ambacho sitakitaja. Kompyuta za pale zimefungwa kiasi kwamba ukizima na kuwasha, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa siku mashine ilipoletwa. Wenyewe wanasema wanazuia virusi na michezo. Sikatai, maana nimeona mashine za saiba zilivyoharibiwa na flashi za watu. Lakini dawa hiyo imeua na kile tulichokwenda kujifunza.

Msimbo wetu, yaani maagizo ya programu, tunauandika kwenye Emacs, programu ya kuhariri maandishi. Wapo watakaocheka, kwa sababu ni programu kongwe: mizizi yake ni mwaka 1976 kule chuo cha MIT, Marekani, na Richard Stallman akatoa toleo la GNU, mradi wake wa programu huria, mwaka 1985, kabla wanafunzi wangu hawajazaliwa. Waache wacheke. Ni ya bure, inakwenda hata kwenye laptopu ya mtumba, na mwongozo wake umo ndani yake, kwa hiyo hutafuti bando ili usome. Zaidi ya yote, sehemu kubwa yake imeandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Lisp, na unaweza kufungua kipande chochote cha Lisp hiyo ukakibadilisha papo hapo, programu ikiendelea kufanya kazi.

Nitoe mfano mmoja wa darasani. Msichana mmoja alikuwa anaandika programu ya kusoma uzito kutoka kwenye mizani. Kompaila ya GCC, yaani programu inayogeuza msimbo wa C uweze kuendeshwa na mashine, ikamkatalia, ikamtolea orodha ya makosa, kila kosa na jina la faili, nambari ya mstari na ya safu, mathalani mizani.c:41:9. Emacs inazisoma nambari hizo. Ukibonyeza Alt na g, kisha n, inakupeleka moja kwa moja kwenye kosa linalofuata, huna haja ya kuhesabu mistari kwa kidole. Kosa la kwanza lilihusu kitendakazi, yaani kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake, kilichoitwa bila taarifa zote kinazohitaji. Akafanya jambo la busara: akatafuta kwa grep, programu ya kutafuta maneno ndani ya faili, ni wapi pengine kitendakazi hicho kimeitwa. Akarekebisha, akabonyeza vitufe vilevile aende kosa la pili. Emacs ikampeleka kwenye matokeo ya grep, ndani ya faili isiyo na kosa lolote. Akajaribu tena, ikampeleka mbali zaidi.

"Mwalimu, hii kitu inanizungusha tu!"

Sikumjibu. Nilimwambia aiulize Emacs yenyewe: Control na h, kisha k, halafu vitufe vinavyomsumbua. Maelezo yakafunguka, na pembeni kiungo cha msimbo wa amri hiyo, ambayo jina lake ni next-error. Akasoma, wenzake wakimchungulia mabegani. Kumbe amri ni moja kwa orodha zote, ziwe za makosa ya kompaila au za utafutaji, na Emacs hukumbuka orodha iliyoanzishwa mwisho katika kigeu, yaani nafasi ya kuwekea thamani, kiitwacho next-error-last-buffer. Alipoanzisha grep, orodha ya grep ikachukua usukani. Mashine haikuwa na wazimu, ilikuwa inafuata kanuni ambayo kwa kazi yetu haifai.

Tangu toleo la 27 la mwaka 2020 kuna amri ya kuichagulia orodha kwa mkono, next-error-select-buffer. Msichana huyu aliiona inamchelewesha. Aliandika amri mbili fupi za Lisp: ya kwanza inaiwekea Emacs orodha ya kompaila kabla ya kuruka, ya pili orodha ya utafutaji. Ya kwanza akaipa kitufe cha F7, ya pili F8. Zote mbili hazikujaza hata nusu ya skrini. Kuanzia hapo F7 ilimpeleka kwenye kosa na F8 kwenye alichotafuta, na darasa zima likanakili.

Kelele ndizo zilizofuata. Vijana wawili, walipoonja raha ya kubadilisha, walitaka F7 iruke pia maonyo yote ya kompaila isimame kwenye makosa tu. Inawezekana: kuna kigeu compilation-skip-threshold, kwa kawaida thamani yake ni 1, ukiweka 2 maonyo yanarukwa. Nilikataa, na bado nakataa. Kilo za maziwa huwa na nukta, kwa hiyo tunazihifadhi kama double, aina ya C ya namba zenye nukta. Kijana akiandika printf, amri ya kuchapa, na %d ya namba kamili badala ya %f ya namba zenye nukta, C haitamzuia. GCC ikiwashiwa -Wall, chaguo la kuonyesha maonyo mengi, itamwonya, lakini ni onyo tu, programu itajengeka na kukimbia. Itakachochapa kwenye risiti ya mfugaji ni takataka. Mama aliyeamka alfajiri kukamua hawezi kupewa risiti ya namna hiyo eti kwa sababu fundi aliona maonyo yanamchosha. Siku wakiijua C vizuri, waweke 2 wakitaka.

Kwa upande mwingine, kuna mambo ambayo Emacs inayafanya vizuri bila kuguswa. Ukiongeza mistari juu ukirekebisha kosa moja, makosa yaliyobaki chini kwenye faili hiyo hayapotezi mahali pake, kwa sababu huwekewa alama zinazosogea pamoja na maandishi. Hilo wanafunzi hawakulitambua mpaka nilipowaonyesha.

Sasa turudi kwa wasimamizi. Jioni iliyofuata tulikuta F7 imekufa, F8 imekufa, faili ya mipangilio haipo. Tukaandika upya, ikafutwa tena. Nilipouliza nikaambiwa sera ni sera. Mwaka 2022 KICD, taasisi ya kuandaa mitaala ya Kenya, iliidhinisha masomo ya usimbaji kwa shule za msingi na sekondari, na hao watoto watafika vituoni humu wakiwa wameshaonja. Mnataka wafundishwe kwamba kifaa kikikusumbua unavumilia, au unamngoja msimamizi aje na nenosiri?

Nakubali kwamba faili ya mipangilio ya Emacs ni msimbo, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika mabaya ndani yake. Lakini ni maandishi matupu. Msimamizi anaweza kuifungua na kuisoma yote kabla chai yake haijapoa, jambo asiloweza kulifanya kwa programu nyingi alizoziweka yeye mwenyewe kwenye mashine hizo.

Wala hatuombi mashine zifunguliwe. Tangu toleo la 29 la mwaka 2023, unaweza kuiwasha Emacs na kuiambia isome mipangilio kutoka folda yoyote utakayo, kwa kuongeza --init-directory na jina la folda. Kwa hiyo yatosha kila mwanafunzi atengewe folda moja isiyofutwa, au iruhusiwe tundu moja la USB kwenye mashine ya mwalimu, flashi zikaguliwe hapo kwanza. Kituo kikikubali lolote kati ya hayo mawili, niko tayari kuja Jumamosi kuwapangia bila malipo.

Fundi wa programu,
Nyamasaria, Kisumu