Wauzaji wa kompyuta za gemu, andikeni nambari kamili

Mhariri,

Naandika kwa sababu ya shilingi 38,000 za dada yangu.

Mimi ni fundi wa mashini za mashua hapa Langoni, Lamu, kazi niliyoikuta kwa marehemu baba na ambayo sasa ninaifanya mwaka wa ishirini na tisa. Kompyuta si kazi yangu. Nimelazimika kuzijua kwa uchungu wa kuona pesa za mahamri na viazi vya karai, zilizowekwa shilingi kwa shilingi ndani ya mkebe wa maziwa, zikiishia kwenye kasha la kioo lenye feni za rangi.

Mpwa wangu alipomaliza kidato cha nne alitaka kompyuta. Anahariri video za harusi, na usiku anapenda mchezo wa mpira na michezo ya mbio za magari. Mimi sioni ubaya wowote. Barubaru anayecheza nyumbani kwao baada ya kazi ni afadhali kwangu kuliko anayekesha gatini. Mamake akaona tangazo la “kompyuta ya gemu, i7, ramu 16, pawasaplai wati 500”, akatuma pesa. Mzigo ukaja kwa basi mpaka Mokowe, ukavuka kwa mashua, ukapandishwa mitaani kwa punda. Jioni ile nikaitwa: “Kaka, ndoo uone kompyuta ya mwanao!” Chumba kizima kilikuwa kinamulika kijani na zambarau. “Mjomba,” akaniambia kijana, “ni i7!”

Nikamwuliza, i7 ya mwaka gani? Hakujua. Nami sikujua, ila ndivyo nilivyozoea kuuliza. Mtu akija kibandani kwangu akaniambia ana mashini ya Yamaha, bado hajaniambia kitu. Nitataka kujua nguvu za farasi ngapi, imetoka lini, imekaa chumvini muda gani. Jina la nje halisukumi mashua.

Hilo ni jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na hii ilikuwa i7-2600. Wazazi wenzangu, hapa ndipo nawaomba msome polepole. Katika prosesa za Intel za namna hii, tarakimu ya kwanza au mbili za kwanza baada ya kistari ndizo zinazotaja kizazi. i7-2600 ni kizazi cha pili, imetoka mwaka 2011. i3-12100F ni kizazi cha kumi na mbili, imetoka mwaka 2022. Zote mbili zina viini vinne na zinashughulikia mikondo minane ya kazi kwa wakati mmoja. Lakini kiini cha 2022 kinafanya kazi nyingi zaidi kwa kila pigo kuliko cha 2011, kwa hiyo ile “i3” inayodharauliwa inaiacha mbali ile “i7” ya kujivunia. Na kuna jambo lingine. Windows 11, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa masharti ya Microsoft wenyewe, inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Anayemuuzia mtoto wa mtu i7-2600 kama mashine ya gemu anamuuzia mlango uliokwisha kufungwa.

Kadi ya picha, kile kipande kinachochora michezo kwenye skrini, iliyokuwamo ni GT 730. Hiyo ni kadi ya mwaka 2014 ya kuwezesha skrini kuonyesha barua na filamu. Mchezo wa mpira ulikuwa unakwenda kwa kuruka, mchezaji anapiga teke na mpira unaonekana wavuni bila kuuona ukipita. Kijana alishusha kila kitu mpaka nyasi zikawa kama mkeka wa kijani. Hakusema neno kwa mamake.

Miezi minne baadaye, usiku wa mvua za masika, umeme ulikatika ukarudi, ukakatika ukarudi. Kompyuta ikatoa harufu ninayoijua vizuri, ile ya koili iliyoungua. Pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ilikufa na ikaenda na madabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vipande vyote. Nikaifungua kwa bisibisi yangu. Ilikuwa nyepesi mkononi kama kopo tupu. Nje kibandiko kinasema wati 500, lakini kwenye jedwali dogo pembeni, mstari wa volti 12 umeandikwa ampea 18. Fundi yeyote wa umeme wa mashua anajua hesabu hii: volti 12 mara ampea 18 ni wati 216. Na prosesa na kadi ya picha karibu zote zinakula kutoka mstari huo wa volti 12. Wati 500 zilikuwa kwenye karatasi tu. Kinga ya kuzuia umeme mbovu usipite kwenda kwenye madabodi nayo haikufanya kazi.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni mmoja, na nimebishana nao na vijana wengi hapa Mkunguni: mwenye pesa chache asianze kubana kwenye pawasaplai. Kila kipande kingine kikiwa dhaifu, mchezo utakwenda polepole. Pawasaplai ikiwa dhaifu, unaweza kupoteza vyote. Ile alama ya 80 Plus ni nzuri kuwa nayo, lakini inapima ni umeme kiasi gani haupotei kuwa joto, haiapi kwamba kinga zote zimo. Tazama ampea za mstari wa volti 12. Tazama kama inapokea umeme kuanzia volti 100 hadi 240 yenyewe, kwa sababu hapa kwetu jioni taa hufifia watu wakiwasha friji na feni, na pawasaplai ya namna hiyo huvumilia. Zile za bei ya chini zenye swichi nyekundu nyuma ya kuchagua 115 au 230 nimeziona zikipasuka kwa mtoto kuisukuma tu swichi kwenda 115. Sisi umeme wetu ni wa volti 240.

Mwaka 2024 tulianza upya. Kijana alikuwa amekusanya kwa harusi, mimi nikaongeza pesa ya mashini mbili nilizozifungua upya, tukafika 58,000. Skrini tulikuwa nayo, na kasha lilibaki. Kabla ya kununua hata msumari nilimwambia aandike kwenye karatasi michezo anayocheza, na nambari ya skrini yake. Skrini ni ya nukta 1920 kwa 1080 na hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Basi kadi ya kutoa fremu, yaani picha, 140 kwa sekunde ingekuwa ni kuweka mashini ya farasi 75 kwenye dau la kuvulia changu. Tulihitaji 60 za uhakika.

Tulinunua i3-12100F kwa 13,500, na madabodi ya aina ya H610 kwa 11,000. Ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, za aina ya DDR4 tulichukua mbili za gigabaiti 8, kwa 6,500. Muuzaji alitaka kutuuzia moja ya 16 akisema ni sawasawa. Si sawasawa, kwa sababu zikiwa mbili prosesa inasoma kwa njia mbili kwa pamoja, na kwa michezo tofauti huonekana. SSD, ghala la kuhifadhia kazi na michezo, ya gigabaiti 500 ilikuwa 5,500. Pawasaplai ya wati 550 yenye ampea 44 kwenye mstari wa volti 12 ilikuwa 7,500, na kijana alinuna kidogo, maana alitaka feni mpya. Kadi ya picha tulichukua ya mtumba, RX 580 ya gigabaiti 8, kwa 12,500. Jumla 56,500. Shilingi 1,500 zilizobaki zikaishia kwenye nauli ya mzigo na mafuta ya mashua.

Kadi ya mtumba inahitaji maneno zaidi, maana hapo ndipo watu wanapoliwa. RX 580 ni kadi ya mwaka 2017 na nyingi zilifanya kazi usiku na mchana kuchimba sarafu za kidijitali. Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, ilipoacha uchimbaji wa namna hiyo Septemba 2022, kadi za wachimbaji zilimwagika sokoni. Kadi kufanya kazi hakuiui peke yake, kama vile mashini ya mvuvi wa kila siku mara nyingi ni nzima kuliko ya tajiri inayokaa juu ya mawe mwaka mzima. Kinachokufa kwanza ni feni na ile krimu ya kupitisha joto kati ya chipu na bati. Kijana alikwenda Mombasa mwenyewe. Alizungusha feni kwa kidole akasikiliza. Akaomba ichomekwe mbele yake, akafungua programu ya bure iitwayo GPU-Z, inayosema kadi ni ipi hasa, kwa sababu kuna RX 580 nyingine zinazoitwa 2048SP zenye vitengo vya hesabu 2,048 badala ya 2,304, na zinauzwa kwa jina lilelile. Zaidi ya hizo kuna kadi kuukuu kabisa zilizoandikwa upya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Halafu akaiachia mchezo nusu saa, akitazama joto. Muuzaji wa kwanza alikataa jaribio. Kijana akaondoka. Wa pili alimwekea kiti.

Kadi hiyo inakula hadi wati 185 na inataka waya wake wenyewe wa pini nane kutoka kwenye pawasaplai. Angalieni hilo kabla ya kununua zile kompyuta za ofisi za mitumba, Dell na HP, ambazo watu huzigeuza kuwa za gemu. Si ushauri mbaya, nimeona zikifanya kazi vizuri. Lakini baadhi yake zina pawasaplai za plagi yao peke yao, na zile nyembamba haziwezi kupokea kadi ndefu. Kwa hizo, kadi ya GTX 1650 fupi isiyohitaji waya wa ziada, inayokula wati 75 tu kupitia madabodi, ndiyo tegemeo.

Bei nilizozitaja ni tulizolipa sisi wakati ule. Mwishoni mwa 2025 ramu zilipanda vibaya, kwa kuwa viwanda vilikuwa vinapeleka chipu nyingi kwenye mashine kubwa za akili unde. Asije mtu akamgombeza muuza duka kwa karatasi yangu.

Kwa mwenye 45,000 nisingemshauri kadi mbovu. Ningemwambia achukue prosesa yenye uwezo wa kuchora picha ndani yake, bila kadi, kama Ryzen 5 5600G, acheze michezo myepesi kwa sasa, na kadi aiongeze Mungu akipenda. Hapo zile ramu mbili ni lazima kabisa, kwa kuwa picha zinakopa ramu hiyohiyo. Zile prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina picha ndani. Kadi ikifa, skrini inakuwa nyeusi. Lakini hata huyu wa 45,000, pawasaplai ainunue ya kadi atakayokuja kuiweka.

Na sisi wa pwani tuna adui ambaye wa Nairobi hamjui. Upepo wa kusi unapeleka chumvi mpaka ndani ya kuta za matumbawe. Lile kasha la kioo kizima mbele tulilitoboa, tukaweka wavu wa chuma, na joto la kadi likashuka tukaona kwa macho kwenye programu. Kompyuta haikai dirishani kwa bahari. Huwashwa walau mara moja kila siku, maana joto lake linafukuza unyevu. Ikikaa wiki na ikigoma kuwaka, toa ramu, sugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, rudisha. Mara tatu nimefufua kompyuta hivyo, na mara zote tatu watu walikuwa wameshaambiwa na mafundi kwamba madabodi imekufa.

Mhariri, gazeti lenu linasomwa na wauzaji pia. Ombi langu kwao ni dogo. Kwenye tangazo na kwenye risiti, andikeni nambari kamili ya prosesa, nambari kamili ya kadi ya picha, na ampea za mstari wa volti 12. Msiandike “i7” halafu mkanyamaza. Mama anayekaanga viazi kuanzia alfajiri hana njia ya kujua, lakini akiwa na nambari anaweza kumwonyesha mtu anayejua kabla ya kutuma pesa. Na nyinyi kwenye ukurasa wenu wa teknolojia, mnaotuandikia simu mpya kila wiki, tengeni nafasi japo mara moja kwa mwezi muwafundishe watu kusoma kibandiko cha pawasaplai.

Ijumaa hii baada ya swala jirani yangu anakuja na mwanawe na 45,000 zao. Nimemwambia pesa aziache nyumbani, aje na karatasi ya michezo na nambari ya skrini.

Wasalaam,

Fundi wa mashini za mashua,
Langoni, Lamu